Ndama na Ziwa Lisilo Lake

Kulikiza ni neno la nyumbani. Mama wa pwani humlikiza mwanawe atimizapo miaka miwili au karibu yake, na mtoto akiwa mkaidi, mama hujipaka shubiri kwenye chuchu. Mtoto huonja uchungu mara moja au mbili, kisha akajiendea zake kwenye uji. Katika shina hilohilo ndimo lilimochipuka neno likizo, ile ruhusa apewayo mwanafunzi au mfanyakazi. Kwa hiyo mtoto aliyelikizwa, tukiifuata lugha yenyewe, ni mtoto aliyepewa ruhusa ya kwenda. Nimeifanya kazi ya kufasiri kwa miaka mingi, na kila nilipokutana na neno la Kiingereza la jambo hili, ambalo Waingereza hulitumia kwa mtoto wa mtu na kwa ndama bila kubagua, nimeiona kalamu yangu ikisita. Kwa mtoto, Kiswahili chetu kina neno lililo tayari na lenye nasaba. Kwa ndama twasema tu kuachisha kunyonya, kama mtu aelezaye kitu alichokiona kwa jirani.

Ndama naye huachishwa, lakini habari yake haiishii hapo. Yuko ndama ambaye meno yake yatafuna majani, tumbo lake limekwisha kukomaa kwa kucheua, wala hamtaki tena mamaye. Humvizia ng'ombe mwingine. Huingia kwa nyuma, kati ya miguu, mahali ambapo ng'ombe hamwoni vizuri wala hawezi kumnusa, akanyonya maziwa ya ndama mwingine. Akikosa ng'ombe mwenye maziwa, humnyonya mtamba mwenzake asiye na tone. Wengine hukua na tabia hiyo hata wakazaa, na huonekana ng'ombe mzima, mwenye ndama wake, amepinda shingo akimnyonya ng'ombe mzima mwenziwe. Msomaji wa kisiwani, aliyezoea kukuta katika kurasa hizi habari za tenzi na vina, aweza kucheka. Mwenye ng'ombe mmoja hacheki, na sababu yake nitaifikia. Kwanza nataka kuuliza jambo hili limeijiaje pwani ya Mtwara, ambayo kwa muda mrefu ng'ombe wake walikuwa wachache mno hata kuwa na taabu ya namna hiyo.

Uchache huo una jina, nalo ni mbung'o. Kutoka mikoko ya mlango wa Ruvuma na Msimbati, kupita vijiji vya bara kidogo kama Mtawanya na Ziwani, hadi juu kwenye vichaka vizito vya uwanda wa Wamakonde, nchi ile ilimfaa nzi kuliko ilivyomfaa ng'ombe. Watu walifuga kuku na mbuzi, wakalima mtama na muhogo, wakavua. Weupe wa jikoni ulitoka kwenye nazi. Aliyesema tui alikuwa amesema maziwa. (Jina la Ziwani halina uhusiano na hoja hii, ila siwezi kulipita bila kukumbusha kwamba Kiswahili kimeyaita kwa neno moja maji yaliyotuama na titi la mama.) Watu wa pwani na wa bara walijua kwamba kuna nchi zinazoua mifugo na nzi aletaye mauti hayo, tangu kabla David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, hajathibitisha huko Zululand mwaka 1895 kwamba mbung'o huchukua vijidudu vya ugonjwa huo kutoka damu hata damu.

Ushahidi mmoja wa mapema ulioandikwa juu ya nzi huyo na pwani hii ni wa mwaka 1866. Mwezi wa Machi mwaka huo David Livingstone aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin, wanyama wake wakifuata kwa jahazi. Alikusudia kushukia mlango wa Ruvuma, akaikuta mikoko imeziba njia, akageuka kaskazini hadi ghuba ya Mikindani, akashusha hapo ngamia sita, nyati wa kufugwa watatu na ndama mmoja, baghala wawili na punda wanne. Nyati na ngamia walitoka Bara Hindi, naye alitaka kuona kama wao watastahimili mbung'o pale ambapo ng'ombe hafiki mbali. Jaribio lilianza vibaya tangu ufukoni, kwani nyati mmoja alimchoma punda kwa pembe hata ikabidi punda apigwe risasi, na mwenye kosa akakatwa ncha za pembe baada ya maafa kwisha kutokea. Njiani kufuata Ruvuma wanyama walidungwa na nzi, tena walipigwa na kubebeshwa kupita kiasi na maaskari wa Kihindi waliopewa kuwatunza. Walipoanza kufa, Livingstone mwenyewe hakuweza kutenga kazi ya nzi na kazi ya fimbo. Jaribio likaharibika.

Ama yule ndama mmoja, mwisho wake umo katika shajara ya Livingstone, na kwangu mimi ndio ukurasa mtamu kuliko yote ya safari hiyo. Maaskari walimchinja wakamla, kisha wakaja na habari kwamba alikufa, akaja chui milia akammaliza. Livingstone akawauliza kama waliiona ile milia. Wote wakaapa kwamba waliiona waziwazi. Afrika yote haina chui milia.

Ndama wa Mikindani aliliwa, na ujuzi wa ng'ombe haukutia mizizi katika bonde lile. Atakaye kujua watu wamemzuiaje ndama asinyonye lazima aiache pwani kwa muda, aende kwa wale ambao maziwa kwao ni chakula cha kila siku. Huko atakuta kwamba kumzuia ndama ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kumhitaji. Ng'ombe wa asili wa Afrika ya Mashariki, mwenye nundu, hashushi maziwa kwa mkamuaji mpaka ndama wake amwanzie. Ndama huletwa, hunyonya kidogo, huvutwa pembeni, ng'ombe hukamuliwa, kisha ndama hurudishiwa salio lake. Kwa Wamaasai ni kawaida watu wakamue chuchu mbili na ndama aachiwe mbili. Kila asubuhi na kila jioni pana mgawano, na mchungaji ndiye kadhi wake.

Mgawano huu ni wa kale sana. Kwenye jeneza la mawe la Kawit, mke wa mfalme wa Misri aliyezikwa Deir el-Bahri zaidi ya miaka elfu nne iliyopita, amechongwa ng'ombe akikamuliwa, ndama wake amefungwa kwenye mguu wa mbele wa mama, na chozi lamtoka ng'ombe jichoni. Sijui mchongaji mwingine aliyelisema jambo hili kwa tone moja. Wanueri wa Sudan Kusini, kama alivyowaeleza Evans-Pritchard katika kitabu chake cha mwaka 1940, walimfunga ndama pete ya miba puani: majani aliweza kula, lakini akikigusa kiwele miba ilimchoma mama, na mama mwenyewe akamfukuza. Na Virgil wa Roma, katika shairi lake la kilimo lililokamilika kiasi cha mwaka 29 kabla ya Kristo, anawataja wafugaji wanaowavisha vitoto vya mbuzi hatamu zenye ncha za chuma mdomoni ili wasiwaendee mama zao. Mnueri hakumsoma Virgil. Miba ile, chuma kile, na shubiri ya mama wa pwani ni fikra moja iliyozaliwa mara tatu. Tofauti iko mahali pamoja tu: shubiri humwonya anayenyonya, ilhali miba humwonya anayenyonywa.

Zingatia lakini, msomaji, kwamba yote haya yanamhusu ndama na mamaye. Ndama wa mfugaji wa asili hunyonya ziwa la kweli kwa miezi mingi, akashiba maziwa na akashiba pia kunyonya, kwani hivyo ni viu viwili mbalimbali. Ndama aachwaye na mamaye hunyonya mara kadhaa kwa siku, kila mara kiasi cha dakika kumi. Ndipo Ulaya ikaja na ndoo. Mwaka 1878 Gustaf de Laval wa Sweden alitengeneza mashine ya kutenga malai na maziwa kwa nguvu ya mzunguko. Malai yakaenda kwenye siagi, na maziwa yaliyobaki, mepesi na ya bei ndogo, yakamiminwa ndooni kwa ndama aliyetengwa na mamaye tangu siku za kwanza. Utaratibu wa namna hiyo ulifika Afrika ya Mashariki pamoja na mashamba ya walowezi, na kiwanda chao cha ushirika cha siagi kilianzishwa Naivasha, Kenya, mwaka 1925.

Ndama wa ndoo hunywa lita zake kwa dakika chache. Tumbo limejaa, lakini kinywa bado kina kiu. Hulinyonya sikio la mwenzake, kitovu chake, mkia, ukuta, kamba. Kidogo kidogo hufika kati ya miguu ya nyuma, na hapo ndipo mazoea huanza, hata miezi mingi baadaye, akiwa amekwisha kuachishwa na kupelekwa malishoni, kinywa hukumbuka njia. Simlaumu de Laval. Watoto wengi wamenyweshwa maziwa yaliyotokana na ndoo ile. Lakini yafaa ijulikane kwamba kile ambacho wakulima wengi hukiona kuwa ulafi wa ndama, kwa sehemu kubwa ni deni la siku zake za kwanza.

Ng'ombe wa ndoo ameifikia pwani yetu kwa njia ya kuzunguka. Kisiwani Unguja, kati ya mwaka 1994 na 1997, madume ya mbung'o zaidi ya milioni nane yaliyozalishwa Tanga na kutasishwa kwa mionzi yalimwagwa kwa ndege juu ya misitu. Mbung'o mwitu wa mwisho alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Baada ya hapo ng'ombe chotara wa maziwa aliweza kuishi mahali ambapo babu zake wasingemaliza masika mawili. Bara ya Mtwara haikupata bahati ya kuzungukwa na bahari, na nzi wake yungali porini. Lakini dawa, banda, na majani ya kukatiwa vimewawezesha watu wa Mtwara mjini, Masasi na kwingineko kufuga ng'ombe mmoja au wawili nyuma ya nyumba. Naliendele, mahali ambapo kwa wengi jina lake ni korosho, pana pia kituo cha utafiti wa mifugo. Na ule utaratibu ujulikanao nchini kote kama kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, umewafikisha ng'ombe kwenye nyumba ambazo zisingeweza kumnunua: mwenye kukopeshwa mtamba hulipa deni kwa mtamba atakayezaliwa, naye hupewa jirani mwingine.

Sasa naweza kueleza kwa nini mwenye ng'ombe mmoja hacheki. Chuchu ya mtamba ambaye hajazaa imezibwa kwa kizibo laini kama nta, na kizibo hicho ndicho mlango wake. Akinyonywa na mwenzake kinaondoka, vijidudu vinaingia, kiwele kinavimba, na siku azaapo hugunduliwa kwamba chuchu moja imekufa, au mbili. Hakuna dawa ya kuifufua. Ng'ombe aliyepangiwa kuilisha nyumba na kulipa deni anaanza maisha akiwa na robo tatu ya kiwele, au nusu.

La pili ni baya zaidi, na wengi hawalijui. Ng'ombe akikaribia kuzaa hutengeneza dang'a, yale maziwa mazito ya manjano. Mtoto wa mtu huzaliwa na kinga aliyoipata kwa mamaye tumboni. Ndama hazaliwi nayo, huinywa katika dang'a. Tena muda wake ni mfupi: katika saa chache za kwanza utumbo wake huipokea kinga nzima-nzima, na baada ya siku moja mlango huo umefungwa, hata akinywa ndoo tele. Ndama mkubwa aliyejifunza kudoea akimtangulia kwa mama mwenye mimba pevu, huimaliza dang'a ambayo kwake ni kinywaji tu, na kwa atakayezaliwa ni uhai. Juma moja au mawili baadaye ndama mchanga anahara, anakufa, na watu husema hali ya hewa imebadilika.

Hapa mtu aliyekulia Tanzania hawezi kuepuka neno jingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitia katika vinywa vyetu unyonyaji na mnyonyaji, na kwa muda wa kizazi kizima maneno hayo yalipigwa redioni, yakaandikwa kwenye kuta, yakaimbwa na watoto wa shule waliokuwa hawajamwona ng'ombe akinyonyesha. Mchoro uliofuatana nayo aghalabu ulikuwa wa kupe. Nimelifikiri jambo hili kama mtu wa maneno, na naona kupe alionewa. Kupe hana chakula kingine. Damu ndiyo riziki aliyoumbiwa. Ndama mchanga pia hunyonya, na hakuna amwitaye mnyonyaji kwa kulaumu. Mfano uliofaa ulikuwa zizini, nao ni ndama mkubwa huyu: ana meno, ana majani, amekwisha kupewa ruhusa ya kwenda, na bado anaingia kwa nyuma kuchukua sehemu ya aliye mdogo kuliko yeye. Wakulima wa korosho wa Mtwara, ambao kwa miaka mingi mazao yao yamepimwa kwa bakuli la kangomba kabla ya kufika ghalani, wangeuelewa mfano huo bila mfasiri. Walipewa kupe kwa sababu walioandika mabango walikuwa watu wa mjini.

Turudi zizini, maana dawa zipo na nyingi ni rahisi. Iliyo bora huanza mapema: ndama wa ndoo apewe maziwa polepole, kwa chuchu ya mpira ikiwezekana, na akimaliza awekewe papo hapo majani laini au pumba, kinywa kipate kazi mpaka kiu ya kunyonya imtoke. Au arudishiwe utaratibu wa zamani, anyonye salio kwa mamaye baada ya kukamua. Wafugaji wengi wadogo hufanya hivyo hadi leo, na ndama zao hawaijui sana tabia hii. Aliyekwisha kuachishwa atengwe na wenye maziwa na wenye mimba kwa majuma kadhaa, kwa ua ambao kichwa hakipenyi. Mwenye ng'ombe wawili katika banda moja hana nafasi ya ua, naye hutumia kibao cha puani chenye ncha, cha plastiki cha dukani au cha bati la kopo alilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Kibao hicho kikaguliwe kila siku, kwani hufanya kidonda, na kidonda cha pua hualika nzi. Wako wanaopaka kinyesi cha ng'ombe kwenye chuchu; hiyo ni kazi ya kila siku, na kabla ya kukamua lazima kiwele kioshwe kwa makini. Shubiri nayo hujaribiwa. Ndama wengine huizoea. Yule ambaye hata kibao hakimzuii, na amekwisha kuwa mkubwa, huuzwa kwa mchinjaji. Akiachwa zizini atawafundisha wengine.

Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu, wilayani Mbarali, kwa hoja ya kuuokoa mto Ruaha Mkuu, na wengi wao walielekezwa kusini, hasa mkoa wa Lindi. Wasukuma, Wabarbaig na Wamaasai walishuka na makundi yao katika nchi ya wakulima na wavuvi. Ugomvi uliofuata juu ya mashamba na maji umeandikwa na wengine, tena kwa haki. Pamoja na ng'ombe wao walishuka na maneno: majina ya rangi, ya pembe, ya umri wa ndama mwezi kwa mwezi, ambayo Kiswahili cha pwani hakina na hakijayaomba.

Mpaka kitakapoyaomba, mfasiri hulazimika kuchota alipo. Kwa ndama huyu wa habari yetu sikutaka kutumia mnyonyaji, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja. Pwani tunalo neno la zamani la mtu aliyekwisha kula kwake akaja kukaa penye sinia la wenzake bila kualikwa, na katika tafsiri zangu nimeanza kumwita kwa jina hilo: ndama mdoezi.